Dawa inatengenezwa Kibaha, mbu wanazaliwa Janga: visiwa vidogo vinatufundisha nini?

Masika yakishapiga wiki mbili mfululizo, ardhi ya Kibaha na Kisarawe inashika maji kila palipo na shimo. Maji yanatuama kwenye machimbo ya mchanga, kwenye mitaro ya barabara, kwenye vishimo vya kumwagilia bustani na hata kwenye nyayo za ng'ombe kando ya lambo. Siku saba hadi kumi na nne baadaye, mbu wapya wanaruka kutoka humo. Anayekaa kata ya Janga, jirani na Mlandizi, hahitaji kuelezwa kinachofuata: homa, foleni ya zahanati, na siku za kazi ya shamba zinazopotea.

Wakati huohuo, ukishika barabara ya Morogoro kuelekea Dar es Salaam, unafika mjini Kibaha. Hapo eneo la TAMCO kipo kiwanda kinachotengeneza dawa ya kuua mbu wakiwa bado viluwiluwi ndani ya maji. Elimu ya kutengeneza dawa hiyo ilitoka Kuba, kisiwa kilicho upande wa pili wa dunia.

Katika makala haya tunauliza swali moja: kwa nini dawa iko karibu hivi, lakini kufika kwenye dimbwi imekuwa kazi ngumu? Jibu tunalitafuta kwa kuangalia nchi ndogo za visiwa, kwa sababu nyingi kati yake zilikabiliwa na swali hilohilo mapema kuliko sisi.

Sera ya sayansi ni maswali manne

Maneno "sera ya sayansi na ubunifu" yanasikika kama mambo ya Dodoma na vyuo vikuu. Kwa lugha ya kawaida ni majibu ya maswali manne. Tatizo gani litafutiwe ufumbuzi kwanza? Nani alipe? Nani ashike kazi yenyewe mikononi? Na kazi hiyo iendelee kwa muda gani?

Nchi kubwa inaweza kujikanganya kwenye maswali haya na bado ikaendelea, kwa kuwa ina watu wengi, ardhi kubwa na soko kubwa. Kisiwa kidogo hakina nafasi hiyo. Wataalamu wake ni wachache, karibu kila kitu kinaletwa kwa meli, na kimbunga kimoja kinaweza kufuta mavuno ya mwaka mzima.

Umoja wa Mataifa unazitambua nchi 39 kuwa nchi ndogo za visiwa zinazoendelea. Majirani zetu Komoro, Ushelisheli na Morisi wamo, na Kuba imo pia. Nchi hizi zimekuwa na mikutano yake mikubwa Barbados mwaka 1994, Morisi mwaka 2005, Samoa mwaka 2014, na Antigua na Barbuda mwezi Mei 2024. Katika mkutano huo wa mwisho zilikubaliana kuwa na kituo chao cha pamoja cha takwimu, teknolojia na ubunifu. Ziliona kwamba kila kisiwa kikijenga chake peke yake, hakuna kitakachofika mbali.

Zanzibar haimo kwenye orodha hiyo kwa kuwa ni sehemu ya Jamhuri ya Muungano. Lakini hali yake inafanana na ya visiwa hivyo, na hapa tutaitazama pamoja navyo.

Kuba: walianza na ugonjwa wao wenyewe

Kuba ni kubwa kuliko visiwa vingi vya kundi hilo, lakini watu wake hawafiki hata moja ya tano ya Watanzania milioni 61.7 waliohesabiwa kwenye sensa ya 2022. Ni nchi ambayo imekuwa na uhaba wa fedha kwa miaka mingi. Hata hivyo, kwenye dawa na chanjo imefika mahali ambapo nchi tajiri zaidi hazijafika.

Habari ya Kuba na mbu ni ya zamani. Mwaka 1881 daktari wa huko, Carlos Finlay, alieleza kwamba homa ya manjano inaenezwa na mbu. Ilipita karibu miaka ishirini kabla ya wengine kuthibitisha kwamba alikuwa sahihi. Miaka mia moja baadaye, mwaka 1981, kisiwa hicho kilipigwa na homa ya dengi, nayo pia huenezwa na mbu. Watu zaidi ya 340,000 waliugua, na 158 walifariki, wengi wao watoto.

Mwaka huohuo Kuba ilianza kwa nguvu kazi ya bioteknolojia, yaani kutumia viumbe hai kutengeneza dawa na bidhaa nyingine. Mwaka 1986 ikafungua kituo chake kikubwa cha fani hiyo mjini Havana.

Jambo la kujifunza kwa Kuba ni jinsi kazi ilivyounganishwa. Anayetafiti, anayetengeneza kiwandani na anayepeleka kwa mgonjwa waliwekwa kwenye mnyororo mmoja. Dawa ikishapatikana, tayari inajulikana zahanati ipi itaipokea na nani atatembea nyumba kwa nyumba. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliithibitisha Kuba kuwa nchi ya kwanza duniani kuondoa maambukizi ya virusi vya UKIMWI na kaswende kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Wakati wa UVIKO-19 ilitengeneza chanjo zake yenyewe.

Lakini tusiitazame Kuba kwa jicho moja. Miaka ya karibuni uchumi wake umeyumba vibaya, umeme unakatika nchi nzima, maduka ya dawa yanakosa dawa za kawaida, na wataalamu wengi wamehama. Dengi nayo imerudi mara kwa mara. Mnyororo unahitaji mafuta ya gari, mishahara na vifaa kila mwezi, na pete moja ikikatika, ujuzi unabaki maabara.

Miwa: kazi ya visiwa inayooteshwa Kibaha

Kibaha pia kuna kituo cha TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kinachoongoza utafiti wa miwa nchini. Ukisoma majina ya miwa iliyowahi kulimwa kwenye mashamba yetu makubwa, unakutana na herufi. Muwa wa B 52313 umetoka Barbados. R 570 na R 579 imetoka Réunion, kisiwa kilicho chini ya Ufaransa karibu na Morisi. Miwa inayoanza na herufi M asili yake ni Morisi yenyewe.

Ilikuwaje visiwa vidogo vikawa wakunga wa miwa ya dunia? Walichagua zao lililokuwa likiwalisha na hawakuliacha. Barbados ni mojawapo ya mahali pa kwanza, mwishoni mwa miaka ya 1880, watu walipogundua kwamba muwa unaweza kuzalishwa kwa mbegu ya ua lake, na siyo kwa pingili tu. Kuanzia hapo iliwezekana kuchanganya aina mbili na kupata ya tatu iliyo bora. Tangu mwaka 1932 kipo Barbados kituo cha kuzalisha aina mpya kwa ajili ya visiwa vya eneo hilo, na nchi kadhaa zinagawana gharama na matokeo.

Morisi ilifungua taasisi yake ya utafiti wa miwa mwaka 1953, na fedha za kuiendesha zilitokana na ushuru wa sukari yenyewe. Hapa tunaona jibu la swali la nani alipe. Mkulima na mwenye kiwanda walipokuwa wanakatwa ushuru, walikuwa pia na haki ya kuuliza mwaka huu mmetupa nini. Leo Morisi inachoma makapi ya miwa na kupata sehemu ya umeme wake.

Swali la muda nalo linajibiwa na muwa. Kutoka kuchanganya maua hadi mkulima apate aina mpya ya kupanda hupita miaka kumi au zaidi. Muwa wa R 570 uliendelea kuchunguzwa hadi mwaka 2024, wanasayansi walipotangaza kwamba wamesoma ramani yake ya urithi. Nchi inayobadilisha vipaumbele kila bajeti haiwezi kupata muwa wa namna hiyo.

Unguja: bahari ilikuwa ukuta

Mfano wa tatu uko karibu zaidi. Wafugaji wa Pwani wanamjua mbung'o, ambaye wengine wanamwita ndorobo. Ndiye anayeambukiza nagana, ugonjwa unaokondesha ng'ombe hadi kufa. Unguja walikuwa naye pia, na leo hawana.

Kazi ilifanyika kuanzia mwaka 1994 hadi 1997, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Kwanza mbung'o walipunguzwa kwa mitego na dawa. Kisha madume waliofugwa Tanga wakapigwa mionzi hadi wakawa tasa, wakapelekwa Unguja na kumwagwa kwa ndege. Jike wa mbung'o akishapandwa na dume tasa hapati kizazi. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa huru.

Wafugaji wa Kibaha na Kisarawe wanaweza kuuliza: kwa nini isifanyike huku? Jibu linatufaa pia kwenye mbu. Unguja imezungukwa na bahari. Ukishamaliza mbung'o wa ndani, wa kutoka nje hana njia. Huku bara, ukisafisha pori moja, anarudi kutoka pori la jirani. Mbinu ya kisiwani haihamishwi bara kama gunia la mahindi. Ni lazima kwanza ujiulize ukuta wako uko wapi.

Zanzibar ina somo lingine kuhusu muda, na hili ni la malaria. Kampeni kubwa ya kutokomeza malaria visiwani ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na ikaipunguza sana. Mwaka 1968 ikasimamishwa. Miaka michache baadaye malaria ilikuwa imerudi kwa nguvu.

Kampeni mpya ilianza mapema miaka ya 2000 kwa dawa mseto, vyandarua na kupulizia kuta. Kufikia mwishoni mwa muongo huo, watu waliokutwa na vimelea walishuka chini ya asilimia moja. Safari hii waliongeza kitu kimoja: simu. Tangu mwaka 2008 vituo vya afya vya Zanzibar vimekuwa vikitoa taarifa za wagonjwa wa malaria kwa simu. Mgonjwa akithibitishwa, taarifa inatumwa, na afisa anakwenda nyumbani kwake kupima waliobaki na kuangalia mazingira. Teknolojia yenyewe ni ile ile unayoisomea makala haya. Tofauti ni kwamba kule yupo mtu ambaye kazi yake ni kuipokea taarifa na kwenda.

Kiwanda cha Kibaha kinakosa nini?

Sasa turudi TAMCO. Kiwanda kinaitwa Tanzania Biotech Products, na kinamilikiwa na Shirika la Taifa la Maendeleo, NDC. Ufundi ulitoka Labiofam, kampuni ya Serikali ya Kuba. Ujenzi uligharimu dola za Marekani milioni 22 hivi, na kiwanda kilizinduliwa mwaka 2015 wakati wa Rais Jakaya Kikwete. Uwezo wake ni kuzalisha lita milioni 6 kwa mwaka.

Dawa yenyewe haina maajabu. Ni bakteria wa aina mbili wanaopatikana kwenye udongo. Mmoja wao aligunduliwa mwaka 1976 katika jangwa la Negev, nchini Israeli. Ukimwaga dawa kwenye dimbwi, viluwiluwi wa mbu wanaila pamoja na chakula chao, utumbo unaharibika, na ndani ya siku moja au mbili wanakufa. Ikitumika kwa kipimo kilichoelekezwa, haimdhuru mtu, ng'ombe, samaki wala nyuki. Ubaya wake ni kwamba haikai muda mrefu. Kwenye maeneo mengi inabidi kurudia kila baada ya wiki moja au mbili, maana mbu hutaga tena.

Mwezi Juni 2017, Rais John Magufuli alipotembelea kiwanda hicho, tatizo halikuwa dawa. Ilikuwepo, ila wanunuzi wa ndani walikuwa hawaonekani. Akaziagiza halmashauri nchini zikachukue dawa hiyo. Agizo la Rais lina uzito, lakini linafanya kazi ya mara moja. Dimbwi linahitaji dawa wiki hii, wiki ijayo na masika ijayo.

Tukiyarudia maswali yetu manne, tunaona mawili yalijibiwa vizuri na mawili yakabaki hewani. Tatizo lilichaguliwa sawasawa: malaria bado ni mzigo, na utafiti wa kitaifa wa 2022 uliwakuta na vimelea asilimia 8 hivi ya watoto wa chini ya miaka mitano. Fedha za kujenga kiwanda zilipatikana. Yaliyobaki ni nani abebe bomba la kunyunyizia hadi kwenye shimo la mchanga, na nani amlipe mwaka hadi mwaka.

Kwamba inawezekana, Dar es Salaam ilionyesha. Mwaka 2006 jiji lilianza kunyunyizia dawa za aina hii katika kata tatu, na kufikia mwaka 2008 zilikuwa kata 15. Waliofanya kazi walikuwa wakazi wa mitaa hiyohiyo, waliolipwa posho, kila mmoja akiwa na eneo lake la kuzungukia kila wiki. Walijua mtaro upi umeziba na uwanja upi umechimbwa. Watafiti waliofuatilia walikuta maambukizi ya malaria yamepungua kwenye kata zilizonyunyiziwa. Mtaalamu wa mbu alikuwepo, lakini aliyefanya dawa ifike kwenye maji ni jirani mwenye ratiba.

Janga siyo kisiwa

Kabla ya kudai dawa hiyo imwagwe kila mahali, tuwe wakweli kuhusu mipaka yake. Shirika la Afya Duniani linashauri kunyunyizia mazalia ya mbu pale ambapo mazalia hayo ni machache, hayahamihami na yanaonekana kwa urahisi. Mjini hali huwa hivyo mara nyingi. Vijijini, kwenye bonde la Ruvu wakati wa masika, mazalia hayahesabiki, na anayejaribu kuyanyunyizia yote atamaliza dawa na nguvu kabla ya kumaliza bonde.

Maana yake ni kwamba kwa kata kama Janga, kazi hii ina msimu. Kiangazi, maji yanapobaki kwenye malambo, visima vya bustani na mashimo makubwa machache, mazalia yanahesabika. Hapo ndipo chupa moja inaweza kufanya kazi ya chupa kumi. Mbu wakipunguzwa kiangazi, mvua zikianza wanaanza wakiwa wachache. Na hata hapo dawa hii haichukui nafasi ya chandarua, kipimo cha mapema na dawa mseto. Ni nyongeza tu.

Somo la Unguja nalo linarudi. Mbu hajui mpaka wa kata. Janga ikinyunyizia na majirani wasinyunyizie, itakuwa sawa na kuteka maji kwa pakacha. Kwa kuwa hatuna bahari ya kutuzunguka, ukuta wetu ni makubaliano ya kata jirani kufanya kazi wiki moja. Barbados na wenzake waligawana kituo kimoja cha miwa. Kata zinazogawana bonde moja zinaweza kugawana ratiba moja.

Wapi pa kuuliza

Sera kubwa za nchi zipo. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1986, na Tanzania ni miongoni mwa nchi za Umoja wa Afrika zilizojiwekea lengo la kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Tangu mwaka 2019 yapo pia mashindano ya kitaifa ya ubunifu, MAKISATU, ambayo hata fundi wa kijijini asiye na cheti anaweza kushiriki. Haya ni mazuri, lakini hayatengi fedha za mafuta ya pikipiki ya kupeleka dawa bondeni.

Fedha hizo zinapangwa halmashauri. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai 1, na mipango inaanza kukusanywa kutoka chini miezi mingi kabla. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo hoja inapozaliwa, kisha inakwenda kwenye kamati ya maendeleo ya kata, ambako mwenyekiti ni diwani, na mwisho baraza la madiwani. Hoja isiyoandikwa kwenye muhtasari wa kijiji hakuna atakayeikuta mezani wakati wa bajeti.

Tunadhani kuna maswali matano ambayo mkazi wa Janga, au wa kata yoyote ya Kibaha na Kisarawe, anaweza kuyapeleka kwenye mkutano huo:

Je, halmashauri yetu imetenga fedha za dawa ya viluwiluwi mwaka huu, na ni kiasi gani?

Je, ndani ya fedha hizo imo posho ya wanaonyunyizia, au ni bei ya dawa tu?

Nani ana orodha ya mazalia yanayobaki na maji kiangazi kwenye kila kitongoji?

Je, ratiba yetu inalingana na ya kata jirani?

Na nani atatuletea takwimu za zahanati, ili tujue kama wagonjwa wamepungua?

Swali la tatu halihitaji kusubiri bajeti. Vijana wenye simu wanaweza kuzunguka kitongoji chao mwezi Agosti, wakapiga picha kila dimbwi lenye maji na kuandika lilipo. Hiyo ni kazi ya siku chache. Orodha hiyo ikimfikia ofisa afya wa kata, dawa ikija itajua pa kwenda. Mashimo mengine hayahitaji dawa hata kidogo: yanahitaji kufukiwa, na aliyechimba mchanga anajulikana.

Kuhusu nani ashike bomba, mwezi Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kuwafikisha zaidi ya 137,000 nchini katika miaka mitano. Hawa ndio walio karibu zaidi na nyumba. Lakini mhudumu mmoja hawezi kubeba chanjo, lishe, uzazi na madimbwi yote kwa wakati mmoja. Kama kata inataka kazi ya mbu ifanyike, ni vyema iwe na watu wake wa kazi hiyo, kama Dar es Salaam ilivyofanya.

Nchi ndogo za visiwa hazikufanikiwa kwa kuwa na akili kuliko sisi, na baadhi ya mafanikio yao yamewaponyoka. Walipofanikiwa, walichagua tatizo lao wenyewe, wakalilipia, wakampa mtu jina na eneo lake, na hawakuacha katikati. Walipoacha, kama ilivyokuwa kwa malaria Zanzibar mwaka 1968, ugonjwa ulirudi bila kubisha hodi. Sisi tayari tuna kiwanda, kituo cha utafiti na barabara ya lami inayounganisha yote mawili na Mlandizi. Tulichokosa ni mstari mmoja kwenye bajeti ya halmashauri unaorudiwa kila mwaka, na jina la mtu mbele yake.